Ukienda kulala ukingoni mwa msitu wa Ngezi, panga usiku kwanza

Wiki iliyopita dada mmoja wa Mwera ameniandikia. Aliziona picha zetu za Pemba, watoto wamekaa juu ya gogo na msitu nyuma yao, na sasa anataka kuwapeleka wanawe likizo ya Disemba. Aliuliza mengi: kima punju, wale kima wekundu wa Zanzibar, huonekana saa ngapi, pwani ya Vumawimbi pana umbali gani na barabara, watoto wataruhusiwa kuusogelea mnara wa taa wa Ras Kigomasha au la. Nikamjibu niliyoyajua. Kisha na mimi nikamuuliza suali moja: mtalala wapi? Akaniandikia, "Inshallah tutapata tu pahala, dada."

Jibu hilo nimeshalisikia kwa wengi, na kila nikilisikia moyo hunishtuka. Ndiyo maana leo naandika kwa kirefu, kwa ajili yake na kwa ajili ya kila mwenye hamu kama yangu ya kuwaonyesha watoto wake msitu wa nchi yao.

Mtu wa mjini akipanga safari ya msituni hupanga mchana. Asubuhi tutatembea, adhuhuri tutaoga pwani, jioni tutapumzika. Lakini Pemba iko kama nyuzi 5 tu kusini ya ikweta. Jua kwetu huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, na likishazama una kiza cha karibu nusu siku mbele yako. Hotelini usiku huo huuoni, unawasha taa, unatazama televisheni, unalala. Kwenye banda la makuti usiku unaukaa wote, na watoto wamekukumbatia kila kinapolia kitu nje. Aliyeupanga ataupenda kuliko mchana. Asiyeupanga ataondoka na gari ya alfajiri, na akifika Unguja atawaambia watu Pemba hapakaliki.

Kwa asiyeijua, Ngezi iko kaskazini magharibi ya Pemba, Wilaya ya Micheweni, unapita Konde kisha unaelekea Makangale. Ni hekta zaidi ya 1,400 zilizobaki katika msitu uliokuwa umeifunika sehemu kubwa ya kisiwa kabla ya mashamba ya karafuu kuenea karne ya 19. Barabara inapita katikati ya msitu wenyewe. Unatoka kwenye jua la Konde, ghafla gari inaingia kwenye kivuli, upepo unabadilika, na watoto wananyamaza bila ya kuambiwa. Mimi nimekulia Ng'ambo, mjini Unguja, na hadi nilipopita pale nikiwa mtu mzima sikujua kwamba tuna miti mirefu namna ile.

Sisi tulikwenda mimi, mdogo wangu, wanetu na mama. Mama amezaliwa Wete, na utotoni akifuatana na bibi yake kwenda dago msimu wa karafuu, wakilala shambani hadi uchumaji umalizike. Nalitaja hili kwa sababu wapo jamaa zetu waliotucheka waliposikia tunakwenda kulala karibu na msitu. Mmoja alisema hayo ni mambo ya wazungu. Mwengine, na huyu aliniuma zaidi kwa kuwa ni mtu ninayemheshimu, alisema tutawarudisha watoto na mashetani. Wapemba wamelala dago vizazi na vizazi, wavuvi na wachumaji karafuu, na watoto wao migongoni. Wazungu wamekuja juzi.

Basi nilianza kupanga mapema, na jambo langu la mwanzo kabla ya kutafuta malazi lilikuwa kumpigia simu sheha, kiongozi wa shehia ile. Namba niliipata kwa binamu wa mama aliyeko Konde. Nikajitambulisha, mimi ni mtoto wa fulani wa Wete, tunakuja na watoto, tutalala ndani ya shehia yako, tunaomba radhi na tunaomba utujue. Alifurahi sana. Akaniuliza tutalala kwa nani, nikamtajia, akasema sawa, mkipata uzito wowote nambieni. Watu wengi hudhani kwenda kwa sheha ni kazi ya mwenye nyumba, au ni mambo ya kizamani. Fanya wewe mwenyewe. Hakuna gharama, na usiku ukiharibika sheha ndiye mtu pekee mwenye uwezo wa kugonga mlango wa jirani na ukafunguliwa.

Na kwetu usiku uliharibika. Mabanda tuliyokuwa tumeyachukua yalikuwa ya mtu mmoja ambaye simtaji. Tulizungumza kwa simu, tukaelewana bei kwa shilingi, nikamtumia rubuni, yaani malipo ya mwanzo, akanijibu "karibuni sana". Tulivuka kwa boti, tukashuka Mkoani, tukapanda gari hadi Chake, tukabadilisha hadi Konde. Tumefika Konde alasiri, watoto wamechoka, nikampiga simu haipokelewi. Nikampiga tena na tena. Hatimaye akapokea na kuniambia, kwa sauti ya upole kabisa, banda limeshaingia wageni. Wageni wanaolipa kwa dola. Nikamwambia sisi tumelipa rubuni. Akasema, "Lakini nyinyi ni wenyeji, hamkosi jamaa wa kuwalaza."

Maneno hayo bado yananiuma. Pesa yetu haijarudi hadi leo, na pesa nimeshaisamehe. Ninachoshindwa kukisamehe ni kule kuambiwa, mbele ya mama yangu aliyezaliwa katika ardhi ile, kwamba mwenyeji hana haki ya kuwa mgeni. Kama una mabanda ya kukodisha na unasoma hapa, nakuomba kwa dhati: Mzanzibari aliyekulipa amekulipa. Watoto wake hulala usingizi uleule wanaolala watoto wa watalii.

Nilimpigia sheha. Kabla ya magharibi tulikuwa tumeshafika kwa bi mkubwa mmoja mwenye shamba la karafuu upande wa Makangale, si mbali na ukingo wa hifadhi. Shambani mwake kulikuwa na banda la wachumaji, msimu wao ulikuwa umemalizika: kuta za udongo, makuti juu, vitanda vya kamba, choo cha nje kilichozungushiwa makuti, na kisima. Watoto waliamkia "shikamoo bibi", naye akawaita wajukuu zake kutoka dakika ile. Mama na yeye walikaa kitako wakaanza kuhesabiana ukoo wa Wete, na hadi inapoadhiniwa isha walikuwa wameshapata jamaa anayewaunganisha.

Hapa ndipo maandalizi ya usiku yalipotufaa. Mama alikuwa ametufungasha kama wanavyofungasha watu wa dago, na mimi nilikuwa nimeona amezidisha. Vyandarua vyetu wenyewe, na kamba za kuvifungia, kwa kuwa chandarua bila ya kamba ni kitambaa tu. Malaria imepungua sana Zanzibar lakini haijaisha, na banda la udongo lina nyufa. Tochi moja kwa kila mtu, hata mtoto, kwa sababu mtoto mwenye tochi yake mkononi huthubutu kwenda choo. Taa ya sola iliyokuwa imeanikwa juani tangu mchana. Ndoo mbili ndogo, moja ya maji ya kutawadhia na moja ya haja ndogo kwa watoto usiku. Turubai. Khanga nyingi kuliko tulivyodhani tunazihitaji. Chakula cha usiku wa kwanza kilichopikwa nyumbani kabisa, chapati na samaki wa kukaanga, ili mtu asianze kutafuta kuni gizani.

Habari ya kuni nayo ina lake. Usiingie hifadhini kuokota, hata kijiti kikavu. Nunua mkaa au kuni kijijini, hapo umemfaa mtu na umeuacha msitu salama.

Usiku ule vuli ilikuwa haijamalizika. Mvua ilishuka kama saa 4 na makuti yakaanza kuvuja upande wa mlangoni. Turubai likapanda juu, kamba zikakazwa, tukarudi kulala. Bila ya lile turubai nisingekuwa naandika haya, ningekuwa mmoja wa wale wanaosimulia ubaya wa Pemba. Mvua ilipokatika ndipo sauti zikaanza. Kwanza kilio, kikali, cha mtoto kabisa, juu ya mti. Mwanangu wa mwisho alinikamata shingo. Mama akasema kutoka kitandani kwake, bila hata ya kuinuka, "Huyo komba, baba, anamwita mwenzake. Hula matunda na wadudu, hali watoto." Kisha zikaja mbawa nzito juu ya mwembe, vurugu, embe zinaanguka chini puu, puu. Popo.

Lakini ninaposema popo usimfikirie yule mdogo wa darini. Popo wa Pemba hapatikani pengine popote duniani, na mabawa yake yakikunjuka yanapindukia mita moja na nusu. Aliwindwa na miti yake ikakatwa hata mwaka 1996 akaandikwa katika orodha ya dunia ya wanyama walio hatarini kabisa kutoweka. Wanavijiji wa Pemba wenyewe ndio waliosimama kumlinda, kijiji cha Kidike kikiwa mfano mzuri, na idadi yake ikapanda tena. Nilimsimulia haya mwanangu kitandani huku popo wanagombania embe juu ya vichwa vyetu, na kilio kikageuka maswali. Wanalala vipi? Wanakwenda haja vipi kichwa chini? Tulicheka hadi mdogo wangu akatunyamazisha.

Kwa hivyo ushauri wangu mkubwa kwa wenye watoto ni huu: kabla ya kuondoka nyumbani, wasimulieni sauti za usiku. Komba, popo, bundi, vyura, makuti yanayopigana. Mtoto aliyeambiwa huzisubiri. Asiyeambiwa huzikimbia.

Bundi hasa. Sisi tumelelewa kwamba bundi akilia juu ya nyumba kuna mkosi, na sikukusudia kumvunjia mama heshima kwa hilo. Ila bundi mdogo wa Pemba naye ni wa Pemba tu, pamoja na chozi wa Pemba, ninga wa Pemba na yule ndege mdogo wa manjano mwenye duara jeupe machoni. Ndege wanne ambao Mungu amewaweka kisiwa kile peke yake. Kuna watu wanaopanda ndege kutoka Ulaya kuja kumsikiliza bundi huyu, na sisi tulio ng'ambo ya mkondo hatumjui. Usiku uliofuata tulifuatana na mtembezaji wa hifadhi, tuliyekubaliana naye mchana pale langoni. Tulisimama njiani, tochi zimezimwa, kimya. Ilisikika "hu" moja. Kimya. Kisha "hu" nyengine mbali. Mama alinishika mkono hakusema neno, na tuliporudi bandani hakuutaja mkosi.

Hilo la mtembezaji nalisisitiza. Ndani ya hifadhi huingii usiku kwa kujiamulia, na kupiga hema ndani yake pia si jambo la kuamua peke yako. Zungumza na watu wa misitu pale langoni, lipia kinacholipiwa, ufuatane na wao. Ziko pia sehemu ndani ya msitu ambazo wenyeji huziheshimu kwa mambo yao ya kimila. Mkiambiwa hapa hatupiti, msipite. Msichukue kitu, msipige picha. Wewe hutaki mtu aingie chumbani kwako na viatu.

Kuhusu kima punju nitasema ukweli hata kama utaivunja safari ya mtu. Wa Ngezi waliletwa kutoka Jozani miaka ya 1970, ni wachache, na hawaonekani kirahisi. Kama unachotaka ni kima punju tu, bakia Unguja uende Jozani, ambayo tangu 2004 ni hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka. Kule wamezoea watu na utawaona karibu na barabara. Ngezi nenda kwa ajili ya msitu. Tumbili utawaona, na ukiamka mapema na ukinyamaza, huenda paa mdogo akakupitia mbele.

Tarehe ichague kwa mwezi wa angani, kama wavuvi. Kwa watoto wanaoogopa kiza, nenda siku za mwezi mpevu, uwanja mzima unang'aa na choo kinaonekana kutoka mlangoni. Kwa anayetaka nyota, aende mwezi mchanga. Nyakati zote mbili ni za bamvua, kwa hiyo Vumawimbi utakuta maji yanatoka mbali sana kisha yanarudi mengi. Muulize mwenyeji saa za kujaa kabla ya kuwafungulia watoto. Pwani ile ni nyeupe, ndefu na imetulia, na usitegemee duka. Beba maji na chakula chako.

Masika, Machi hadi Mei, usiende na watoto wadogo. Pemba mvua yake ni nyingi kuliko ya Unguja na njia za ndani huwa tope tupu. Kipupwe, kati ya Juni na Agosti, hali ya hewa ni nzuri na usiku unahitaji blanketi, lakini upepo wa kusi huwa mkali baharini, na tangu msiba wa meli wa Septemba 2011 katika mkondo wa Nungwi mama hataki kusikia habari ya kuvuka wakati wa kusi. Simlazimishi. Sisi huenda kuanzia Disemba mwishoni hadi Februari, kaskazi imetulia, embe zimejaa. Msimu wa karafuu ukiwa umepamba moto harufu ya majamvi ya karafuu zilizoanikwa njiani haina mfano, lakini mabanda yote yana wachumaji, na mtu wa kukupikia humpati kwa sababu kila mkono uko juu ya mkarafuu au unachambua makonyo ya karafuu. Na watoto wakipanda mikarafuu wataumwa na maji moto, wale chungu wekundu wanaojenga viota kwa majani. Wafungie suruali.

Kuhusu malipo, baada ya yaliyotupata nafanya hivi. Sitoi rubuni kubwa. Makubaliano yote nayaandika kwenye ujumbe, tarehe, bei kwa shilingi, idadi ya watu, na namwambia mwenye banda ajibu "nimekubali". Sehemu iliyobaki nalipa nikishakiona kitanda. Na daima nina jina la pili, nyumba ya pili ambayo mwenyewe anajua huenda nikagonga. Pesa taslimu zitoeni Chake au Wete mkipita, msingoje kufika ndani.

Naambiwa nawatisha watu. Siwatishi. Nasikitika, tena sana, nikiona watoto wa skuli zetu wanaweza kukuchorea simba na twiga ambao hawaishi visiwani, na hawajui kwamba Pemba ina bundi wake. Msitu usiokaliwa na kupendwa na wenyewe hukatwa, na atakayeukata hatoulizwa na mtu. Kila familia ya Unguja inayolala usiku mmoja Makangale inamlipa mwanakijiji mmoja kwa msitu uliosimama. Mzee, wewe unayemnunulia mwanao simu mpya kila Iddi, mpe na usiku mmoja wa kiza. Na akina mama wenzangu, msingoje waume wapate nafasi. Sisi tulikwenda wanawake watupu na mwanamke alitupokea.

Siku ya kuondoka msiiweke sambamba na boti ya asubuhi. Kutoka Makangale hadi Mkoani unakivuka kisiwa karibu chote kwa urefu, na gari za ndani hazina haraka yako. Usiku wa mwisho laleni Chake, mnunue halua Wete mkipita njia. Mwenyeji mlipeni mkononi mwake, si kwa kupitia dereva wala kijana aliyewaleta, na muongezeeni kidogo mkimuona amewapikia zaidi ya mlivyokubaliana. Mpitieni sheha mumuage. Chupa za plastiki, pampasi za watoto na mabetri ya tochi yatieni kwenye gunia mrudi nayo hadi mjini. Kule shambani hakuna gari ya taka, na bi mkubwa atalazimika kuvichoma jikoni kwake.